Shokapu za mbele zinagonga: oili nzito, oili zaidi au springi?

Dereva wa Konde
Assalaam alaykum. Nina pikipiki ya CC 150, kila siku Konde–Wete, na msimu wa karafuu nabeba gunia nyuma. Nikiteremka kilima nikashika breki, mbele inazama mpaka nasikia "ta!", chuma kwa chuma. Fundi mmoja kaniambia nitie oili 20W, iliyo nzito zaidi, pahala pa 10W. Mwengine kasema niongeze oili tu. Wa tatu anataka kukata paipu aiweke juu ya springi. Nilinganishieni, maana chombo hiki nawapakia watoto wa skuli.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam ndugu yangu. Hizo si dawa za maradhi mamoja. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili haibebi kitu, inapunguza kasi tu: inalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ikiwa nzito inapita taratibu. Kwa hiyo na 20W mbele itazama polepole zaidi, lakini ukishikilia breki mteremko mzima itafika pale pale. Ubaya wake utauona kwenye mashimo ya mfululizo. Shokapu haiwahi kurudi juu, shimo la pili linaikuta imeshajikunja, la tatu ndiyo basi.

Mpanda wa Paje
Kweli kabisa. Nilitia 20W, kwenye lami raha tupu. Nilipoingia njia ya mawe viganja viliwaka moto. Siku ya tatu nikaimwaga. Na tahadhari: 10W ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 10W ya nyengine, usichanganye.

Dereva wa Konde
Na kuongeza oili?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Hapo ndipo ningeanzia mimi. Juu ya oili kuna hewa. Shokapu ikijikunja hewa inabanwa, inakuwa kama springi ya pili, na nguvu yake inakuja mwishoni, pale pale unaposikia "ta". Pandisha uso wa oili milimita 10 tu, ujaribu. Lakini usipime kwa kikombe peke yake, kwa sababu oili ya zamani hubakia ndani. Toa springi, kunja shokapu mpaka mwisho, isimamishe wima, ipampu taratibu hewa itoke, kisha teremsha rula kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye oili. Pande mbili zilingane. Ukizidisha, sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, itafumuka, na oili ikiteremkia breki hiyo ni hatari kubwa.

Kijana wa Chake
Paipu mimi nimeweka na imesaidia.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Imekuinulia mbele, mdogo wangu, springi haijawa ngumu zaidi. Umepata nafasi kidogo kabla ya kugonga, ndiyo nafuu uliyoiona. Kupata ugumu wenyewe ni springi nyengine yenye waya mnene, au kupunguza mizunguko ya hiyo hiyo na kujazia urefu kwa paipu. Springi iliyokatwa hairudishiki, kwa hiyo pima kwanza: funga kamba ya plastiki kwenye bomba ikuonyeshe shokapu imezama mpaka wapi, kaa juu ya chombo kama unavyokaa siku zote, mwenzio akushikie. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 120, ikizama 30 hadi 40 springi yako iko sawa.

Mzee wa Mkoani
Mwanangu, kabla ya yote mwaga iliyomo uiangalie. Na pitisha ukucha kwenye bomba. Sisi tunaishi na chumvi, kutu ikitoboa kromu inakata sili kila safari.

Dereva wa Konde
Ahsanteni sana. Mzee, umesema kweli. Oili imetoka kijivu inanuka, na upande wa kulia haikufika nusu ya kushoto. Ukucha umekwama kwenye kishimo cha kutu, nimekisugua kwa msasa laini mpaka ukucha ukapita. Nimetia sili mpya, 10W, na uso wa oili juu milimita 10. Nikikaa inazama 36, basi springi sikuzigusa. Jana kilima kile kile, breki ile ile, kamba imesimama vidole viwili kabla ya mwisho. Gunia bado sijapakia. Karafuu zikianza nitapima tena nikujuzeni.