Kiwanja 20 kwa 20 Arusha: nipande nini cha asili ili chozi (ndege mdogo wa maua) na nyuki waje?

Uani_Kwetu
Wakuu, nyumba imekaa katikati ya kiwanja. Ukutani kuna bogenvilia, mbele miashoki minne. Ndege wanaotua ni kunguru na shomoro tu, na pasheni ya njano inachanua lakini haishiki matunda. Nianze na nini kabla ya masika? Na nyoka je? Wa nyumbani wameshaanza kulalamika kwamba naleta pori.

Mche_Mmoja
Mleta mada, rangi ya bogenvilia ni ya majani tu. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Asili yake Amerika Kusini, chozi hapati cha maana pale.

Anza na mwambangoma (*Erythrina abyssinica*). Huchanua mwekundu kiangazi, bila jani hata moja, wakati maua mengine yamekwisha. Kata tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, urefu mita 1 hadi 1.5. Juu kata mshazari maji yasituame, chini kata sawa. Hapo hutachanganya upande, maana ukilipanda kichwa chini halishiki. Liache kivulini siku 3 hadi 5 jeraha likauke, kisha lifukie sm 30, mita 5 kutoka ukutani.

Wengi huliua kwa maji. Ukimwagilia kila siku kabla halijachipua, linaoza chini huku juu bado bichi. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, subiri, ukiona kahawia na harufu, ng'oa. Mbegu zake nyekundu ni sumu, ziokote kama kuna watoto.

Kivuli
Naongezea mti uitwao mtukutu. Kipande cha shina kinashika kirahisi, na maua yake meupe nyuki hawayaachi. Mringaringa nao ni mzuri, ila unakuwa mti mkubwa. Kwa 20 kwa 20 mmoja unatosha, kona ya mbali.

Mkuyu usithubutu. Ndege wanaupenda kuliko yote, lakini mizizi itafuata karo la maji taka na kupasua msingi.

Nyuki_Kwanza
Tatizo la pasheni si uhaba wa nyuki peke yake. Ya njano haijichavushi: unahitaji mche wa pili uliotokana na mbegu nyingine, siyo kipande cha mche huohuo. Ua linafunguka kuanzia mchana, kwa hiyo ukichavusha kwa brashi asubuhi unapoteza muda (ya zambarau ndiyo inayofunguka alfajiri).

Mchavushaji wake hasa ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Waning'inizie gogo kavu la mti laini, kipenyo sm 10 na zaidi, chini ya paa lisilovuja. Ukilipaka rangi au dawa ya mchwa, umewafukuza.

Nyuki wengi wengine hutaga ardhini. Ua ukiwa wote paving, au unafagiwa kwa ufagio wa chelewa kila asubuhi, hawana pa kukaa. Acha hata mita 2 za udongo mtupu penye jua. Vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza mimea) vioshe kwa maji ya sabuni. Dawa ya kumwagilia shinani inapanda hadi kwenye nekta (maji matamu ya ua). Viwavi waache pia: chozi anakunywa nekta, lakini makinda anawalisha wadudu na buibui.

Uani_Kwetu
Shukrani wakuu. Nyoka bado.

Mche_Mmoja
Nyoka hafuati maua, anafuata panya na chura. Pogoa matawi ya chini hadi sm 40 ili uone ardhi, ondoa rundo la matofali na kuni karibu na mlango, chakula cha kuku kisilale nje. Maji ya ndege weka kwenye sahani ya udongo, kina sm 3, jiwe katikati, umwage kila baada ya siku 2 kabla viluwiluwi vya mbu havijakomaa.

Kivuli
Na miashoki, kama utaiondoa kupisha miti ya asili, usiikate yote siku moja. Ondoa mmoja mmoja, mwambangoma ukishachipua, la sivyo hao shomoro nao watahama.