Tufunge mwamba wa pweza miezi mingapi? Kikao ni Jumapili

Ngalawa_Tupu: Wakuu, habari za saa hizi. Kamati yetu ya uvuvi inataka kufunga kipande cha mwamba ili pweza wakue. Wengine wanasema miezi 2, wengine 6. Mimi ndiye katibu, nishike lipi?

Kasia: Shika 2 hadi 3. Pweza mchanga akiachwa, uzito unaweza kuwa maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukizidisha, wakubwa wanakufa wenyewe: jike hutaga mara moja tu, anajiziba shimoni na mayai, hali kitu, yakianguliwa naye anakufa. Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004 kwa miezi 7. Baadaye vijiji vingi vikatulia kwenye 2 au 3.

Dema: Pweza mnamwonea bure. Adui wa mwamba ni juya, ule wavu wa kukokota, linang'oa nyasi za bahari na kuzoa vichanga vya tasi na changu. Kagueni nyavu kwanza. Na msipime jicho moja la wavu, linadanganya: nyoosha macho 10 mfululizo, pima, gawa kwa 10.

Kasia: Kauliza pweza, mkuu.

Kusi: Katibu, nani anavua hapo sasa hivi?

Ngalawa_Tupu: Watu wa kawaida tu.

Kusi: Kwa miguu au kwa kuzamia?

Ngalawa_Tupu: Kwa miguu. Akina mama zaidi. Wazamiaji wana mwamba wa nje, huo haufungwi. Lakini tangazo lilitolewa, na kura tumeshapiga.

Chaza: Kwa hiyo pweza wamepewa likizo, akina mama wamepewa njaa 😂

Kusi: Hilo ndilo ungeanza nalo. Wazamiaji hawapotezi kitu mwamba huu ukifungwa, na siku ya kufungua wazamiaji watakuja kuvuna jasho la wenzao. Fungeni robo tu ya eneo la kutembea, akina mama wapate pa kuchokoa pweza. Bamvua la kwanza, siku zile maji yanapokupwa sana, baada ya kufungua liwe la wa miguu peke yao. Na anzeni kupima leo: kila pweza kwenye mizani, idadi ya wachokoaji na saa walizokaa majini. Kilo tupu hazisemi kitu, kwa sababu siku ya kufungua watu huwa wengi zaidi.

Ngalawa_Tupu: Nimekuelewa, ila mipaka imeshachorwa na maboya yapo. Tunafungua tarehe 8 mwezi mwandamo.

Chaza: Subiri kwanza. Tarehe 8? Hayo ni maji mafu, yanakupwa kidogo tu, mwamba hautoki! Mvuvi gani hajui bamvua? Wadau, huyu anatuandikisha andiko la mradi.

Dema: Nami nilishangaa, sijaona hata neno moja kuhusu juya.

Kasia: Juya halithibitishi uvuvi wa mtu, Dema. Ila tarehe hiyo kweli ina walakini.

Ngalawa_Tupu: Si uzushi. Tarehe si yangu, ni ya mnunuzi. Gari lake la barafu linapita siku hiyo. Na maboya ametoa yeye, kwa sharti tumuuzie wote.

Kusi: Kumbe. Basi shida yako si miezi. Mnunuzi mmoja, siku moja, mwamba uliojaa pweza: bei ataitaja yeye saa watu wameshalowa, na wanaokosa wakubwa watabomoa matumbawe kwa mitaimbo kutafuta wadogo. Tarehe iwe ya 1 au ya 15, au siku mbili baada yake. Uvuaji ugawanywe siku nne, bei iandikwe kabla, barafu iwe kilo kwa kilo ya pweza. Shimo lililozibwa kwa mawe na jike halitoki, liachwe.

Chaza: Na ulinzi? Wezi hawana kalenda.

Kusi: Wa miguu wanayo. Mwamba ukiwa chini ya maji hawaingii, kwa hiyo walinzi wa kuwazuia hao wakae siku za bamvua tu, maji yakipwa, usiku pia. Mzamiaji ndiye wa kuangaliwa maji yakijaa.

Ngalawa_Tupu: Nikigusa tarehe atachukua maboya yake.

Kasia: Mrudishie. Madumu manne matupu, rangi nyekundu, jiwe la nanga kila kona. Kamba iwe mara moja na nusu ya kina maji yakijaa kabisa, ikiwa fupi dumu litazama na mpaka hautaonekana.

Ngalawa_Tupu: Madumu ya lita 20 yanatosha?

Kasia: Yanatosha. Kaza vifuniko.