Laana za Kumbukumbu 28 na njaa ya Samaria: naomba msaada

MamaTumaini
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwenye kikundi chetu cha Alhamisi tumefika 2 Wafalme 6. Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, ameuzingira Samaria, mji mkuu wa Israeli, kichwa cha punda kimefika vipande themanini vya fedha, halafu mwanamke anamlilia mfalme aliye ukutani: jana tulimpika mwanangu tukamla, leo mwenzangu kamficha wake. Sauti ilinikatika. Dada mmoja akafungua Kumbukumbu 28:53, kati ya laana ambazo zingewapata Israeli wakivunja agano lao na Mungu, jambo ni lile lile. Mwingine akasema, "Basi ndiyo hivyo, walivunja agano." Mama mmoja aliyezika mtoto mwaka huu akainuka, akaenda kusimama nje.

Je, kila shida ya Israeli ilikuwa laana ya agano? Na huyu mama nimwambie nini?

Seremala77
2 Wafalme 17 imeshajibu. Samaria ilichukuliwa na Ashuru kwa sababu waliiacha torati. Sioni pa kuzungukia.

MwalimuMstaafu
Mama Tumaini, pole, na umpe pole yule mama. Seremala, sura ya 17 naiamini kama wewe. Ila inazungumzia anguko la 722 KK, tena inazungumzia taifa lililokula kiapo. Kiapo cha namna hiyo watu wa zama zile walikijua vizuri. Mwaka 672 KK Esarhadoni wa Ashuru aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake, na laana zake zinataja ardhi kuwa chuma na mbingu ya shaba isiyotoa mvua. Soma Kumbukumbu 28:23 uone.

Sasa tazama manabii walivyoyatumia maonyo hayo. Yeremia 34: Wababeli wameizunguka Yerusalemu, mfalme Sedekia wa Yuda anafanya agano na watu, na wakuu wanapita kati ya vipande vya ndama na kuapa kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Jeshi la Farao likatoka Misri, Wababeli wakaondoka kwa muda, na watu wale wale wakawarudisha ndugu zao utumwani. Hapo ndipo Yeremia anataja upanga, tauni na njaa. Anakionyesha kosa kwa kidole: fulani alikuwa huru juzi, leo yuko tena kwenye jiwe la kusagia la bwana wake.

Sura hiyo hiyo inasema ilibaki miji miwili tu yenye maboma, Lakishi na Azeka. Mwaka 1935 wachimbaji walipata Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, na kimoja kinasema tunangojea ishara za moto za Lakishi, maana Azeka hatuioni. Kila nikikifikiria kigae kile nanyamaza kidogo. Aliyekiandika alikuwa na mama yake mahali fulani.

Lakini usiishie hapo. Zaburi 44 imo katika Biblia hii hii, na waimbaji wake ni Israeli waliopigwa vitani: haya yametupata, wala hatukukusahau, wala agano lako hatukulivunja. Hakuna anayewakemea. Na Danieli 9 anapoungama kwamba laana ya torati imemwagwa, anasema "sisi tumetenda dhambi". Amejihesabu ndani. Edomu, taifa jirani, waliosimama kando wakifurahia Yerusalemu ikianguka, Obadia aliwakaripia vikali.

Kwa hiyo maneno ya dada yule yangekuwa ya toba kama angeyasema juu yake mwenyewe. Juu ya mama aliyefiwa hayana mahali.

Seremala77
Zaburi 44 sikuwahi kuisoma hivyo, mwalimu. Ila swali moja: njaa ya sura ya 6 yenyewe ilitokana na nini?

MwalimuMstaafu
Sura ile haitaji kosa lolote. Mfalme anararua nguo, watu wanaona amevaa gunia ndani, naye hasira zake zote anamwelekezea nabii Elisha. Kesho yake unga unauzwa shekeli moja kipimo langoni, na walioleta habari njema ni wakoma wanne.

MamaTumaini
Asante, mwalimu. Tulifunga kipindi kabla ya sura ya 7, hilo ni kosa langu. Kesho napita kwa yule mama kabla sijaenda sokoni. Nitamsomea Zaburi 44 mpaka mwisho, pale wanapomwambia Mungu aamke.