Mrejesho: kampuni iliyositisha mkataba wangu na kunidai ada za wakili wake

Ndugu zangu, niliuliza kama ni lazima nilipe ada zote za wakili wa kampuni iliyonipa haki ya kutumia jina lake la biashara, baada ya kampuni hiyo kusitisha mkataba kabla ya muda. Tumemalizana nje ya mahakama.

Aliyenishauri nisome upya kifungu cha gharama katika mkataba, Mungu ambariki. Kilisema anayeshindwa ndiye anayelipa, na hapo hakuna aliyekuwa ameshinda bado! Mimi na wakili wangu tukadai mchanganuo wa ankara ya wakili wao: siku, saa, kazi iliyofanyika. Ulipokuja, tukakuta saa za kuandaa mikataba ya watu wengine kabisa. Wakaanza kulegea.

Makubaliano: kila upande unabeba gharama zake, wao wanaacha kudai mrabaha (malipo ya kutumia jina lao) wa miaka iliyobaki, mimi naondoa mabango na nembo. Sharti la kutofanya biashara kama hiyo limebaki, na linaniuma.

Ada ya wakili wangu nimelipa mwenyewe, na si ndogo. Laiti ningemwona kabla ya kujibu ile notisi ya kwanza ya kampuni, maana barua yangu ya hasira ndiyo waliyoishikilia muda wote.