Ghuba imegeuka kijani na korongo linaleta tope: tuanzie mlimani au ufukweni?

Mkazi wa Speke
Habarini wakuu. Ni kamati ya mazingira ya kijiji upande wa Magu, Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kijito cha msimu kinashuka kutoka vilima vya mawe, kinakatiza mashamba ya pamba na mahindi, kinaingia ziwani kwenye kona iliyojaa gugumaji. Mvua zikianza, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, baadaye yanageuka kijani. Tuna miche 2,000 na watu 40 wa siku moja kwa wiki. Wengi wanataka miche yote ipandwe ufukweni, wengine wanasema tung'oe gugumaji kwanza. Kipi kitangulie? Na tutapimaje mafanikio bila maabara?

Fundi Makinga
Mkuu, piga hesabu ya miche kwanza. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, miche 2,000 inajaza mita za mraba 18,000. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe ndani ya mita 60. Ukipanda ukanda wote huo, miche inaishia mita 300 za ufukwe. Tope halipitii huko hata hivyo, linapitia mdomo wa kijito.

Kinacholisha gugumaji na ule ukijani ni nitrojeni na fosforasi. Nitrojeni huyeyuka na kwenda na maji, lakini sehemu kubwa ya fosforasi inayotoka shambani husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo. Ukizuia udongo umeizuia. Kwa hiyo anzeni juu.

Kwenye mteremko wa asilimia 5 hadi 20 chimbeni makinga maji ya fanya juu: mfereji sm 60 kina na sm 60 upana, udongo urushwe upande wa juu, na muache kibaraza cha sm 15 hadi 30 ili tuta lisirudi mferejini. Umbali: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Hapo unapata tofauti ya kimo kwa mita. Mteremko wa asilimia 10 unatoa mita 1.35, yaani kinga moja kila mita 13.5 za ardhi. Asilimia 20 ni kila mita 10.5.

Mstari upimwe kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, kipande cha kukatisha katikati, na kamba yenye jiwe kama timazi. Weka alama kamba inapogusa, geuza miguu, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Wanaopima kwa macho ndio wanaotengeneza makorongo mapya, kwa sababu maji yote hukusanyika sehemu iliyoinama na kuvunja tuta hapo. Juu ya tuta pandeni mabingobingo au vetiva kila sm 30, mvua zikishashika.

Mchunga Ngitili
Nakubaliana na Fundi, ila mashamba si chanzo pekee. Fuateni korongo hadi kichwani. Mara nyingi mtakuta njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja kwenda kunywa maji. Kwato zinasaga udongo, mvua inauchukua, na mwaka wa tatu njia ni korongo. Hapo fanya juu haisaidii kitu. Hamisheni njia ipite kwa kukingama mteremko, mnyweshe kwenye birika au lambo mbali na kijito, na kichwa cha korongo kifanyeni ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, pasilishwe angalau hadi nyasi zifunge ardhi. Sehemu ya miche iende huko.

Ndani ya korongo wekeni vizuizi vya mawe. Kosa la kila siku ni kujenga ukuta ulionyooka juu: maji yanazunguka pembeni, yanakula kingo, na korongo linapanuka. Katikati pawe chini kuliko pembeni, kingo zichimbiwe sm 50 kila upande, na chini ya maporomoko yake pangwe mawe bapa. Kizuizi kimoja hakitoshi. Kilele cha kile cha chini kiwe sawa na kitako cha kile cha juu. Vya sm 60 kwenye mteremko wa asilimia 6 vinakaa kila mita 10.

Na josho je, lipo? Kama lipo juu ya kijito, angalieni maji yake machafu yanamwagwa wapi. Dawa ya kupe inaua samaki hata ikiwa kidogo.

Mkazi wa Speke
Asanteni. Josho liko bonde jingine. Tatizo, mashamba ya juu ni luseni, mchanga mtupu. Tuta litasimama?

Fundi Makinga
Halitasimama, nilipaswa kuuliza aina ya udongo kabla. Kwenye luseni acheni mifereji mirefu. Wekeni mikanda ya nyasi yenye upana wa mita 1 kwenye mistari ileile ya fremu ya A, na matuta ya kulimia yakingame mteremko, kisha fungeni mitaro kati ya matuta kwa vijituta kila mita 2 au 3. Vijituta viwe vifupi kuliko matuta, ili mvua kubwa ikizidi maji yamwagike humo humo mtaroni badala ya kuvunja tuta.

Mama Mafunjo
Ufukweni mimi nisingepanda mti hata mmoja kabla ya kurudisha mafunjo na matete kwenye mdomo wa kijito. Hayo ndiyo chujio. Chukueni vipande vya shina la chini la mafunjo vyenye macho, pandeni kwenye tope lenye maji kidogo. Yakishika, yavunwe kwa zamu, sehemu moja isirudiwe kabla ya mwaka. Kuyachoma moto kunarudisha virutubisho majini kwa mvua ya kwanza. Mikaratusi msiiweke huko kabisa.

Gugumaji liondoeni, ila mjue linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, na mbegu zake huishi topeni miaka 15 au zaidi. Mkilivuta, lipelekeni juu ya kiwango cha mafuriko. Likiozea majini linarudisha kila kitu na kula oksijeni ya samaki. Majani yenye makovu madogo ya mviringo yana wadudu wa Neochetina, wanaokula gugumaji, waliopandikizwa ziwani miaka ya 1990. Acheni fungu la mimea hiyo waendelee kuzaana. Watu wavae buti ndefu: konokono wa kichocho wanapenda kukaa humo, na mamba pia hujificha.

Diski Nyeusi
Kipimo cha uangavu wa maji: kata bati la duara sm 20, gawa robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga uzito chini na kamba yenye alama kila sm 10. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa kivuli cha mtumbwi, shusha hadi lipotee, andika kina, pandisha hadi lionekane, andika, chukua wastani. Mahali palepale, kila wiki. Msilinganishe Novemba na Julai, linganisheni Novemba na Novemba.

Kujua kama ni tope au mwani, acha maji kwenye chupa angavu usiku mmoja. Mara nyingi tope hutuama chini na mwani huelea. Ukiona utando kama rangi ya kijani iliyomwagika, watu wasichote hapo wala mifugo isinywe. Sumu ya mwani huo haiondoki kwa kuchemsha, na klorini hupasua chembe zake ikaitoa sumu nje.