Springi mbili tofauti, Smith & Wesson ndogo

Wakuu, nipo Ohio. Nimenunua rivolva mbili za zamani: .32 Hand Ejector ya risasi 6 na Chiefs Special .38 ya risasi 5. Jana nimevua mipini ya mbao, nikaduwaa. Ya kwanza ina springi bapa ya kusukuma nyundo, ya pili imejiviringa kama ya kalamu, ila nene. Kuna fundi kachomeka isiyo yake?

— Hapana mkuu, zote za kiwandani. Hiyo .32 ni ya fremu ya I (herufi ni saizi za fremu za Smith & Wesson), nayo ilianza na bapa. Chiefs Special ya 1950 ikaja na fremu ya J, ndefu kidogo ili imeze risasi ya .38 Special, na springi ya kuviringa. 1953 hata I ikabadilishwa. Kwenye hiyo .32, ile skrubu ya mbele ya mpini inayobana springi bapa usiilegeze ukitafuta kifyatulio chepesi. Mimi nililegeza, nyundo ikagonga kinyonge, risasi mbili zikagoma.

— Kitufe cha kufungulia silinda cha Chiefs Special kikoje?

Bapa! Na ndani ya fremu hamna namba ya modeli.

— Huenda ilitoka kabla ya namba kuanza 1957. Msasa usiiguse, tafadhali.