Mitego ya wolverini Kaskazini: tubishane kuhusu chuma au kalenda?

MPWANI WA YUKON (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kutoka Whitehorse, jimbo la Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Mimi ni fundi magari, si mtegaji. Ila jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, ana njia ya mitego aliyoisajili tangu ujana wake, na msimu huu amenipakia mara mbili nyuma ya pikipiki yake ya theluji tukaizungukia. Tangu nirudi kuna jambo linanikera, nalileta hapa.

Anayetegwa ni wolverini. Kwa asiyemjua, mfikirie nyegere wetu aliyehamia kwenye barafu, na kweli ni ndugu, ukoo wao mmoja. Dume hufikia kilo 18 hivi, na taya lake huvunja mfupa ulioganda kama jiwe. Huifuata njia ya mitego kama mkusanya ushuru: chambo anakula, mnyama aliyenaswa anakula, akiudhika anang'oa na mtego wenyewe. Kwa hiyo watu humtegea vyuma vizito. Kuna mtego wa kushika mguu, uliofungwa mnyororo mtini. Kuna ule wa Conibear, fremu mbili za chuma zinazofyatuka na kumbana shingo au kifua; huu huwekwa kwenye mlango wa kibanda cha matawi chenye nyama ndani, au juu ya gogo lililoegemezwa mtini. Na kuna tanzi la waya, ambalo halihitaji maelezo kwa mtu wa kwetu.

Hoja yangu: ule wa mguu upigwe marufuku kwa mnyama huyu. Conibear ukimpata vizuri, amekwisha. Wa mguu unamwacha hai kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri mpaka mwenyewe afike. British Columbia, jimbo jirani hapa Kanada, sheria inataka mtego wa mguu ukaguliwe kila saa 72. Siku tatu! Sehemu kubwa ya Alaska haina hata muda uliowekwa. Pili, msimu ufungwe mwisho wa Januari, kwa sababu majike huzaa Februari na Machi kwenye mapango ya theluji. Ukimnasa mama, vitoto vinafia chini huko na hakuna anayevihesabu.

KIJANA WA VOI

Yaani huko mtu anakatiwa leseni ya tanzi la waya? Huku Tsavo kuna vikosi vinazunguka kutwa kuyang'oa, na ukikutwa nalo ni kesi. Mzungu akitega ni utamaduni, Mtaita akitega ni jangili.

MPWANI WA YUKON

Ndugu yangu, hilo linauma na ni kweli, lakini lifungulie mada yake. Mzee ninayemsema si Mzungu, ni mwenyeji wa asili wa nchi hii.

MAMA CHAUSIKU

Mwanangu Mpwani, umeandika vizuri ila umeandika kama mtu wa mshahara. Nimefanya uuguzi miaka mingi Nunavut, Aktiki ya Kanada, kwa Wainuit, wenyeji wa asili wa kule. Pale manyoya ya wolverini si pambo. Hushonwa ukingoni mwa kofia ya koti kwa sababu mvuke wa pumzi ukigandia juu yake, unaupangusa kwa mkono unadondoka. Manyoya mengi mengine yanashika barafu na kukukwaruza uso. Ngozi nyingi za kule hazifiki mnadani, zinaishia kwa shangazi na sindano yake.

Sasa unasema tufunge mwisho wa Januari. Unajua Januari kule kukoje? Giza. Watu husafiri mbali Machi na Aprili, mwanga umerudi na theluji bado ngumu. Kalenda yako inamfungia Muinuit na kumwachia mtu wa kusini mwenye barabara na duka la mitego.

FUNDI NYAYA

Mama amemaliza upande wa kalenda, mimi nigonge chuma. Upo mkataba wa 1997 kati ya Kanada, Urusi na Umoja wa Ulaya kuhusu mitego isiyotesa. Umetaja aina 19 za wanyama. Katafute wolverini humo. Hayumo. Mtego wa kuua unaokusudiwa wanyama waliotajwa lazima upimwe, mnyama apoteze fahamu ndani ya muda maalumu. Kwa wolverini mkataba huo haudai kipimo chochote.

Kwa hiyo unaposema "Conibear ukimpata vizuri, amekwisha", mkuu, neno "vizuri" ndilo limebeba mzigo wote. Na akiingia kwa ubavu? Hapo hapo British Columbia unapopasifia saa 72, mtego wa kuua mwenyewe anapewa siku 14 kwenda kuutazama, kwa sababu sheria inachukulia kwamba aliyemo keshakufa.

MPWANI WA YUKON

Kwanza sikupasifia, nilipalaumu. Lakini siku 14 sikuzijua, hapo umenipiga.

Mama, nimekusikia pia. Basi nipunguze: kalenda iwe ya milima ya kusini, Aktiki waachwe. Kusini hali ni mbaya. Kwenye milima ya Rocky, eneo la hifadhi za Banff, Yoho na Kootenay pamoja na jirani zake, utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta wolverini wamepungua kwa asilimia 39 kati ya 2011 na 2020, na utegaji umetajwa miongoni mwa sababu. Jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu hivi, watoto wawili au watatu, na si kila mwaka. Mnyama mmoja huhitaji mamia ya kilomita za mraba. Ukitoa majike wawili, bonde zima limebaki wazi.

Marekani, ukiiacha Alaska, jimbo la mwisho kuendelea kuruhusu wategwe lilikuwa Montana, wanyama watano tu kwa msimu mzima, na hata hao watano mahakama ikawasimamisha 2012. Mwaka 2023 wakaingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Wanakadiriwa 300.

MSAFIRI WA UMEÅ

"Miongoni mwa sababu." Nyingine mbona umezimeza? Theluji, na watu wanaojazana milimani kwa burudani. Mtegaji ni rahisi kumnyooshea kidole kwa sababu ana leseni yenye jina.

Mimi niko Sweden. Huku wolverini anakula paa wa theluji wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa huku; wanyama hao huitwa renidia. Tangu 1996 serikali imekuwa ikilipa vijiji vya wafugaji kwa kila uzazi wa wolverini unaothibitishwa katika ardhi yao, kroni 200,000, bila kuuliza ameua mifugo mingapi. Mfugaji akilijua pango lenye watoto, lile pango ni mali. Vukeni mpaka muingie Norway, mnyama yule yule, milima ile ile: bunge limeweka lengo la majike 39 wanaozaa kwa mwaka, wakizidi wanapunguzwa, na kuna miaka maofisa wamewachimbua mama na watoto pangoni. Hapo chuma kina kosa gani? Hakuna hata mtego.

MAMA CHAUSIKU

Hizo kroni ziko wapi kwa mtegaji wa Yukon? Nani amlipe?

MSAFIRI WA UMEÅ

Mama, ndiyo swali ninalotaka Kanada waulizwe, badala ya kupima upana wa taya za mtego.

FUNDI NYAYA

Taya zipimwe pia. Hata mkilipa, atakayeendelea kutegwa anastahili kufa upesi.

MPWANI WA YUKON

Nimetoka kwa mzee sasa hivi, nimempelekea hoja zenu na chai ya tangawizi (anaipenda kuliko mimi). Kuhusu mguu, kasema aliiacha zamani, alichoka kukuta vidole bila mnyama. Kuhusu Februari, kanicheka. Mitego yake ya wolverini huitoa mapema mwezi huo, wala si kwa huruma: manyoya ya mgongoni yanaanza kusuguka na bei inashuka.

KIJANA WA VOI

Kama mtegaji mwenyewe anafunga, sheria inashindwaje kuandika hivyo hivyo?

MPWANI WA YUKON

Nilimuuliza hilo hilo. Akaninyooshea dirishani, ng'ambo ya mto. Jirani yake wa njia ya pili huendelea mpaka siku ya mwisho ya msimu.